Dakika Tatu za Bwana Mawe

Walikutana kwenye lifti iliyojaa, asubuhi ya mkutano wa wawekezaji. Binti alikuwa mtengeneza video, shati jeupe, jinzi, kamera begani. Kijana, mtaalamu wa miamba, alikuwa amekumbatia sanduku la mawe, akamkanyaga. Akaomba radhi mpaka ghorofa ya sita. Binti akamwambia kama humo mna dhahabu amemsamehe.

"Bado hatujui," kijana akajibu. Binti akacheka.

Wiki iliyofuata kampuni ikampa binti kazi: video ya dakika tatu ya kuwaeleza wawekezaji mradi wa kutafuta dhahabu. Msemaji ni kijana yule yule wa lifti. Mbele ya kamera alikauka kama anasoma tangazo la msiba, wakarudia mara kumi na moja.

"Bwana Mawe, niambie mimi," binti akasema. "Kamera iache."

Akalegea. Akaeleza kwamba wamechoronga ardhi kwa mashine, mashimo matatu, mawili yana dalili, ila ni mapema mno kusema pana mgodi. Mwezi haukuisha, simu za kazi zikawa za kuulizana umekula, umelala, umeniota.

Kisha wawekezaji wakaonyeshwa video. Baada ya "mawili yana dalili" muziki ukapanda. Maneno ya tahadhari hayakuwemo. Chini ya uso wa kijana limeandikwa jina lake na cheo chake. Akampigia binti, akasema amemfanya mwongo mbele ya watu, akakata.

Siku tisa hakupokea simu. Binti hakutulia. Alivaa kwenda kwake, akavua, akavaa tena. Siku ya kumi akaenda ofisini kwake na kompyuta, akamwonyesha video aliyoikabidhi. Tahadhari ilikuwemo yote. Aliyeikata ni mkurugenzi wa kampuni.

Kijana aliitazama akiwa amesimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemwambia nani, mpenzi? Simu ilikuwa inaita tu."

Akainamisha kichwa, akaomba msamaha. Kisha akaketi, akawatumia wawekezaji wote video kamili na barua fupi, akijua hiyo kazi ameiaga. Binti akamwomba aongeze na jina lake yeye kwenye barua, wafukuzwe wote wawili.

Haikupita nusu saa, simu ya kijana ikaanza kuita mezani, mpigaji ni mkurugenzi. Ikakatika, ikaita tena. Kijana hakuigusa. Akaushika mkono wa binti.

"Nije kwenu lini, nizungumze na wazazi?"

"Jumamosi," akasema binti. "Na mama akikuuliza unafanya kazi gani, mwambie ukweli."