Vipande Haviliwi na Dumuzi

"Mama Tumsifu, hizo hela zako za kustaafu, mwakani zitanunua magunia mangapi?"

Aliyeuliza swali hilo ni Bi Mwanne, jirani wa Ursula pale Mshangano. Bi Mwanne ni mzaliwa wa Nakapanya, na anauza korosho sokoni Songea mjini. Siku hiyo alikaa kwenye kizingiti cha jiko la Ursula, wakichambua maharage pamoja.

Ursula alikuwa na mwezi mmoja tangu astaafu. Miaka thelathini na miwili alikuwa mhudumu wa wodi. Alifua mashuka, akabeba mabeseni, akaosha waliokufa bila ndugu. Mwisho wa kazi alipewa kiinua mgongo cha shilingi milioni ishirini, na pensheni ndogo ya kila mwezi.

Ursula alicheka. Akasema hela ziko benki, na benki hakuna panya.

"Mie sikuulizia panya," Bi Mwanne alisema. "Nimeulizia magunia."

Ursula hakumwelewa. Wakaendelea na maharage yao.

Miaka miwili ikapita. Hela zilikaa kwenye akaunti ya kawaida, ile isiyozaa kitu. Ursula alimshukuru Mungu kwamba hakuzigusa. Lakini dukani mambo yalikuwa yanageuka. Mafuta ya kula yalipanda. Sukari ikapanda, sabuni ikapanda, na nauli ya kwenda kwa binti yake Tumsifu huko Tunduru nayo ikapanda. Alipostaafu, gunia la mahindi lilikuwa shilingi elfu arobaini. Sasa lilikuwa elfu themanini. Asubuhi moja, akiwa anapepeta mchele, alikumbuka lile swali akapiga hesabu. Mwanzoni hela zake zingenunua magunia mia tano. Sasa zingenunua mia mbili na hamsini. Hakuibiwa hata senti, lakini katika mahindi nusu nzima ilikuwa imekwenda. Aliweka ungo chini, akakaa.

Wastaafu wenzake walimweleza habari za mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi huweka hela zao humo, na kila mmoja hupewa vipande kulingana na alichoweka. Mfuko hununua hisa za makampuni, au huikopesha serikali, na bei ya kipande hupanda au hushuka. Ursula alipeleka milioni zote ishirini kwa siku moja, kwenye mfuko wa hisa. Hakubakiza hela ya dharura.

Miezi sita baadaye, simu ilimwonyesha milioni kumi na saba.

Sasa tumseme mume wake, Dionis. Dionis ni mchuuzi wa mahindi. Wakati wa mavuno hununua kwa wakulima, akayaweka kwenye ghala lake nyuma ya nyumba, akayauza bei ikipanda. Katika kazi hiyo ana sheria moja tu, na imemlisha miaka mingi: bei ikianza kushuka, uza haraka, maana ukichelewa utauza unga wa dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani.

Alipoiona ile simu, alisimama katikati ya chumba.

"Uza," alisema. "Uza leo. Mama Tumsifu, bei ikishaanza kuteremka haikuulizi. Mimi nayajua mambo haya, nimekulia humo."

Ursula alikataa siku ya kwanza. Usingizi ulimpotea, na kila baada ya sala alikuwa anatazama simu. Siku ya tano aliuza nusu, akapata milioni nane na nusu. Dionis alizichukua zote akanunua mahindi, gunia kwa elfu themanini, akajaza ghala hadi mlangoni. Alisema kufika Februari watauza elfu mia na ishirini.

Mwaka huo mvua ziliwakubali wakulima wa kila mkoa. Mahindi yalikuwa mengi kila mahali, na wanunuzi wa nje hawakuja. Februari bei ilikuwa elfu hamsini. Dionis, kinyume cha sheria yake mwenyewe, akasubiri. Aprili ilikuwa arobaini. Walipofungua magunia ya chini, vumbi jeupe liliwapanda hadi kwenye nyusi. Dumuzi walikuwa wameingia tangu Desemba, na dawa aliyoweka Dionis haikutosha. Wakachekecha siku tatu. Milioni nane na nusu ikarudi milioni tatu.

Dionis hakusema pole. Alifagia ghala, akalifunga.

Kuanzia hapo, Ursula alikuwa anaogopa kugusa hela yoyote. Pensheni haikutosha unga na dawa zake za presha. Akaanza kumeza kidonge kimoja kwa siku mbili, bila kumwambia mtu. Jumapili moja, wakati wa kupiga magoti, alianguka kanisani. Alipozinduka zahanati, mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na mdomo umekwenda upande. Mkono ulirudi kidogo kidogo. Mdomo haukurudi wote.

Ndipo alipokuja Suzana, afisa maendeleo ya jamii wa kata, aliyehamia kutoka Singida. Alileta maziwa, akavuta kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenikuta nimekuwa mzigo."

Suzana alimwacha aseme yote. Ursula alieleza akaunti, vipande, ghala, vidonge. Dionis alikuwa amekaa mlangoni, amewapa mgongo, lakini masikio yalikuwa ndani.

Suzana alisema kosa la kwanza ni kuziacha hela nyingi mahali zisipozaa, wakati bei za vitu zinapanda kila mwaka. Hali hiyo huitwa mfumuko wa bei. Namba kwenye karatasi inabaki ileile, lakini inachonunua kinapungua. Akaongeza kwamba magunia peke yake si kipimo kizuri, maana mahindi yenyewe hupanda na kushuka. Mtu apime na mafuta, dawa, nauli na sabuni, vitu anavyonunua kila mwezi.

"Na hivi vipande?" Ursula aliuliza. "Si ndivyo vilivyoanza kunitia hasara?"

"Hapana, mama. Vilishuka, lakini havikuwa vimekupotea. Hasara ulijitia mwenyewe siku ile ulipouza."

Dionis aligeuka. "Binti, bei ikishuka mtu anauza. Hata mtoto wa sokoni anajua."

"Baba, kwa mahindi ni kweli," Suzana alimjibu kwa adabu. "Mahindi ukiyaweka yanaliwa. Vipande haviliwi na dumuzi. Idadi yake inabaki ileile, bei ndiyo inayopanda na kushuka. Mwenye nafasi ya kusubiri anaweza kusubiri."

"Na asiye na nafasi?"

"Huyo hapaswi kuweka humo hela ya unga."

Dionis aliwageuzia tena mgongo.

Suzana akaeleza jambo ambalo Ursula alilishika kuliko yote. Hela ya uzeeni igawanywe. Kuna hela ya karibu, ya chakula na dawa na ugonjwa wa ghafla, ya mwaka mmoja au miwili. Hiyo ikae benki, mahali unapoweza kuitoa. Kuna hela ya mbali, ambayo hutaihitaji kabla ya miaka mitano. Hiyo inaweza kukaa kwenye vipande. Tena isikae yote kwenye hisa. Kuna mifuko inayoikopesha serikali zaidi, nayo bei yake haichezi sana. Alimwonya pia aulize kwanza kama mfuko umesajiliwa, na amkimbie yeyote anayemwahidi faida ya hakika.

"Hata hivyo sikuapii, mama. Bei zinaweza kushuka tena. Ila hutalazimika kuuza siku mbaya."

Ursula alifanya hivyo. Zile milioni tatu za mahindi aliziweka benki. Vipande vilivyobaki alihamishia nusu kwenye mfuko ulio mtulivu. Simu akawa anaitazama mara moja kwa miezi mitatu. Vidonge alirudi kumeza kila siku.

Mwaka uliofuata bei ilishuka tena. Ursula hakuuza, maana dawa zake zilikuwa zinalipiwa na hela ya karibu. Mwaka wa pili ikapanda. Vipande vilivyokuwa vimeshuka hadi milioni nane vikafika milioni kumi na kidogo. Alimpelekea Suzana karatasi. Suzana alifurahi, kisha akamkumbusha kwamba bei za vitu nazo zimepanda, hivyo faida ya kweli ni ndogo kuliko inavyoonekana. Ursula alisema hata hiyo ndogo inatosha kumshukuru Mungu. Zile nane na nusu za ghala hakuzitaja.

Julai ilifika, mahindi yakaanza kuingia mjini. Mchana mmoja Dionis alikuja mezani na fomu ya kuuza vipande. Alikuwa ameijaza yote kwa herufi kubwa. Alisema gunia ni elfu thelathini na tano, bei haiwezi kwenda chini ya hapo, na safari hii ana dawa nzuri ya dumuzi. Aliisogeza fomu, akaweka kalamu juu yake.

Ursula aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Chini ilibaki nafasi moja tupu.

"Baba Tumsifu," alisema, maneno yakimtoka kwa shida kwenye ule mdomo uliopinda, "hela hii ndiyo itakayonitibu. Na wewe ukiugua, ndiyo itakayokutibu. Siuzi."

"Kwa hiyo mume hana neno kwenye nyumba hii."

"Neno unalo. Sahihi ni yangu."

Aliirudisha fomu upande wa mumewe, na kalamu juu yake. Dionis aliitazama ile nafasi tupu. Kisha akainuka, akavaa kofia yake, akafungua mlango, akatoka.