Gari Lililozama Siku ya Gulio

"Hazel, gari la bwana wako linaogelea."

Aliyesema hivyo ni Trevor, muuza samaki wa meza iliyo jirani na yangu gulioni. Alisimama mlangoni pa mgahawa wa chai na aproni yake yenye magamba, anacheka mpaka mashavu yamemwiva. Mimi nilikuwa nimekaa na Leonard, na pete bado ilikuwa kwenye kiboksi chake kati ya birika na sahani ya skonzi. Dakika mbili kabla alikuwa ameniuliza kama nitakubali anioe. Nilikubali. Nina miaka hamsini na tisa, nauza jibini mjini Marshwick kila Alhamisi ya gulio, na nilikuwa nalia kama kigoli.

Tulikimbia mpaka gatini. Kila mwenyeji anajua kwamba siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hujaa mpaka yakafunika barabara ya gati, na hakuna anayeacha gari pale. Wageni ndio huacha. Kibao cha onyo wanakisoma, wanaona tope limekauka, wanatuona sisi waoga. Lakini Leonard hakuwa mgeni tena. Miezi kumi na minne alikuwa anakuja kila Alhamisi, na mara zote aliegesha juu, kanisani. Siku hiyo pete ilimvuruga akili.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye vioo. Bata wawili walilizunguka gari taratibu.

"Simu yangu imo ndani," alisema.

"Simu utanunua nyingine. Leo umepata mke."

Trevor akapiga picha. Ndiyo desturi yetu: gari likizama, picha inapandishwa kwenye ukurasa wa Facebook wa mji, watu wanacheka wiki nzima. Nami nilisimama pembeni nikitabasamu, mjinga mimi.

Leonard alifika Marshwick mara ya kwanza na daftari dogo lenye orodha ya miji ya zamani, yenye magulio na magati. Mwandiko ulikuwa wa kike. Alinieleza kwamba mkewe Rosalind ndiye aliyeiandika, wakapanga kuizunguka yote wakistaafu, lakini alifariki miaka miwili kabla. Sasa anaizunguka peke yake. Mji wetu ulikuwa wa kumi na tisa. Wa ishirini hakuenda. Alhamisi iliyofuata alirudi kwangu. Kila alipokuja nilimkatia kipande kikubwa kuliko alichoagiza, na yeye alikibeba kama kitu cha kuvunjika.

Jioni ile alikuwa nyumbani kwangu, anakausha viatu. Nikafungua ukurasa wa mji nisome vichekesho. Katikati ya vicheko nikakuta haya:

"Hilo gari ni la baba yangu, Leonard Ashby. Simu yake haipatikani tangu saa saba. Atakayemwona amwambie mama ameanguka kule anakotunzwa, na wamempeleka hospitali. Pippa."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikampa asome mwenyewe.

"Mama gani huyu, Len?"

Aliweka kiatu chini.

"Rosalind."

"Uliniambia umemzika."

"Hanijui, Hazel. Miaka mitatu sasa. Nikiingia ananiuliza kama nimekuja kutengeneza bomba. Siku ile uliponiuliza habari za mke wangu, nilishindwa pa kuanzia. Nikasema amekufa. Baadaye nikaogopa kukupoteza."

"Na kila Alhamisi ukitoka hapa?"

"Napita kwake. Anapenda jibini."

"Jibini langu?"

"Lako."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko uongo wote. Miezi kumi na minne nakata, nafunga kwa karatasi, naandika tarehe kwa mkono wangu, na anayekula ni mke wa mtu ninayempenda. Sikumtukana. Nilichukua funguo nikampeleka hospitali mwenyewe, mwendo wa saa nzima. Aliposhuka nilimrudishia kiboksi mkononi. Alitaka kusema kitu. Nikamwambia aende, anasubiriwa.

Kesho yake Pippa alinitumia ujumbe:

"Asante kwa kumleta baba. Samahani, wewe ni nani?"

Nilifuta majibu manne. La tano nililituma:

"Muuza jibini."

Majira ya baridi yakapita. Leonard aliandika barua, sikujibu. Trevor naye alijua kunyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha Alhamisi moja ya Aprili nikamwona Leonard anateremka kutoka kanisani, anasukuma kiti cha magurudumu. Mwanamke aliyekaa humo alikuwa amevaa kofia ya sufu ya bluu, macho yake yanacheka na kila meza.

Walisimama kwangu. Leonard aliangalia chini. Nilimwonjesha mama yule kipande.

"Hili nalijua," alisema. "Kuna bwana huniletea."

"Limekupendeza?"

"Sana. Na huyu anayenisukuma ni mtu mwema mno. Wewe unamfahamu?"

Ningeweza kusema lolote. Hasira zote zilikuwa ulimini, na mapenzi pia yalikuwa palepale, hayajaenda popote.

"Namfahamu," nikasema. "Ni mume wako."

Aligeuka akamtazama muda mrefu, kama anayemkagua.

"Kweli? Basi nina bahati mimi."

Leonard alifunika uso kwa mkono. Nikamwomba daftari. Nikalifungua, nikaweka kidole chini ya mji wa ishirini.

"Alhamisi ijayo mpeleke huku," nikamwambia. "Gulio lao ni siku hiyohiyo. Msirudi hapa."

"Kule wana jibini?" akauliza Rosalind.

"Wanalo, ila halifikii hili langu."

Akacheka. Leonard akaita, "Hazel." Nikawafungia kipande kikubwa, nikahudumia mteja aliyefuata, na nilipoinua macho walikuwa wanapanda kuelekea kanisani.

Alhamisi iliyofuata hawakuja. Saa saba mchana mkono wangu ulikata kipande kikubwa, ukakifunga kwa karatasi na kuandika tarehe, kabla sijajua ninafanya nini. Nilikiweka chini ya meza. Gulio lilipofungwa bado kilikuwa pale.