Jina Lililozikwa Chini ya Daraja

Jirani yetu Suyun, mdarizi wa hariri hapa mjini Suzhou, China, alilelewa na dada yake Peiying tangu mama yao afariki. Hakuna aliyempenda kuliko dada huyo.

Asubuhi moja ya jua zuri, Peiying alimletea vitumbua vya mchele vya moto.

"Acha hizo sindano, utapofuka. Twende tukaone daraja."

"Daraja gani tena, dada? Nimelivuka tangu natambaa!"

"Sasa linakarabatiwa. Njoo bwana, usijizeeshe."

Daraja lile la mawe, kongwe kuliko ukoo wowote mjini, lilikuwa limezama mguu mmoja. Mafundi walikuwa wakipigilia nguzo za msonobari kwenye tope la mfereji. Wazee walisema nguzo kama hizo hazishiki mpaka zipewe jina la mtu aliye hai. Suyun aliyacheka maneno hayo.

Walipofika katikati, Peiying alibaki nyuma hatua tatu.

"Shen Suyun!"

Hakuwahi kumwita hivyo, ukoo na jina, kwa sauti kubwa.

"Abee, dada!"

Chini, nyundo ikatua. Suyun aliisikia utosini. Alipogeuka, dada yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama fundi, na fundi akatikisa kichwa kukubali.

Wakashuka hadi kwenye ngazi za mfereji. Mama mmoja muuza mboga alisimamisha mashua yake. Akatazama maji. Akamtazama Suyun.

"Binti," alinong'ona, "nani kakuita ukaitika?"

Suyun akainama. Majini kulikuwa na kivuli cha mti. Kulikuwa na Peiying. Kando ya Peiying, maji matupu.

Siku tatu hakuinuka kitandani. Daraja lilikuwa mbali, lakini kila pigo lilimfikia. Utosini. Kifuani. Tumboni.

Siku ya tatu Peiying alikuja na uji. Akaishia mlangoni.

"Mafundi walikuwa wamechukua jina la mwanangu Abao," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anakata roho, Suyun. Wakasema watamwachia nikipeleka mwingine."

"Mji mzima huu, dada. Ukaniona mimi?"

"Niliwaita wawili kabla yako. Waligeuka tu, hawakuitika." Akaanza kulia. "Nikajua wewe utaitika."

Suyun akageukia ukutani. Peiying alipiga magoti, akaomba, akamwita kwa jina lake la utotoni. Hakujibiwa.

Adhuhuri nyundo zikanyamaza. Suyun naye akanyamaza.

Shangazi yao ndiye aliyeosha maiti yake. Hakutaka kuyasimulia aliyoyaona kwa miaka mingi. Alikuta tope jeusi la mfereji, bado bichi, limejaa katikati ya vidole vya miguu ya mtu ambaye hakukanyaga chini siku tatu. Alipomfungua kinywa, chini ya ulimi alikuta chokaa ya waashi.

Akaifuta kwa kitambaa.

Ikajaa tena.