Mwanamke wa Kwenye Taksi

"Samahani, kaka! Nimekutoboa jicho?"

"Jicho lipo, dada. Nyusi ndiyo sina hakika nayo."

Stendi ya Mwenge ilikuwa imefurika watu wanaotoka kazini, na Munira, ndani ya gauni lake la njano, alikuwa akipenya huku amebeba antena ya televisheni begani kama mkuki. Aliyechomwa nayo alikuwa Twalib, fundi wa redio na televisheni wa Kinondoni, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa likanyooka.

"Nani atakufungia hiyo?"

"Kaka yangu."

"Basi utatazama chenga mpaka Idi."

Munira akacheka. Jumapili iliyofuata Twalib alikuwa juu ya bati la kina Munira, Temeke, akifunga antena, na kabla mwaka haujageuka, simu ya mezani ya saluni alikofanya kazi Munira ilikuwa haipumziki.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula sauti yako, ila sijashiba."

Kisha miguu ya Twalib ikaanza kuvimba. Kila chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni, na akilala chali pumzi hazimtoshi. Daktari hakuzunguka. Figo zote mbili zimekufa. Jumanne na Ijumaa atakuwa akilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Siku ya kwanza aliiona damu yake ikitoka, ikipita kwenye mirija, ikirudi. Baridi ikamwingia hadi mifupani. Dada yake, Mwamvita, alimrudisha kwa taksi, kichwa kimemlalia begani, naye alipofika alijitupa kitandani akageukia ukuta. Kiu ndiyo ilimtesa zaidi, kwani maji alipimiwa kwa kikombe cha kahawa. Yeye aliyezoea kupanda mapaa ya watu, sasa ngazi za barazani kwake zilimshinda. Binti mzuri kama Munira aufanyie nini mzigo huu?

Hakumwambia. Alisingizia kazi nyingi, mpaka siku Munira alipompigia simu kwenye duka lake la ufundi.

"Twalib, umeonekana kwenye taksi umemlalia mwanamke. Nani yule?"

Neno dada lilikuwa limeshamfika mdomoni. Lakini akaona huo ndio mlango wa kumtoa Munira katika msiba wake.

"Ndiye niliye naye sasa."



"Kumbe," Munira alisema taratibu. "Haya. Mungu awape heri."

Wiki zilivyokwenda, mwili ulianza kumrudia. Uvimbe ulishuka, akalala chali kama watu, na mchana mmoja harufu ya samaki wa jirani ikamtia njaa aliyokuwa ameisahau. Bado hakuwa na hamu ya kuamka. Hapo ndipo alipotambua kwamba kinachomlaza si figo tena.

Hospitalini, kwenye kitanda cha pili yake, alilala Apolonia, muuza vitenge, mama asiyekaa kimya hata akiwa mashineni.

"Wewe kijana, mwili umerudi, uso bado uko matangani. Nani kafa?"

Twalib akamsimulia.

"Yaani mtoto wa watu anamwonea wivu dada yako?" Apolonia alicheka mpaka nesi akamwambia asivute mirija. Twalib naye akacheka, kisha aibu ikamshika.

Kesho yake alikwenda saluni. Munira alikuwa akimfunga mteja rola. Hakugeuka.

"Mwenzio hajambo?"

"Yule ni Mwamvita, dada yangu. Alikuwa akinitoa hospitali. Figo zangu zimekufa, Munira. Naishi kwa mashine." Akakunja mkono wa shati, bandeji ikaonekana.

Wanawake chini ya madraya wakageuza vichwa. Munira akaweka kitana chini.

"Kwa hiyo ukaona bora nikuchukie."

"Niliona bora uwe huru."

"Nani alikuomba? Nimelia nikijiuliza nimepungukiwa nini! Ugonjwa umeutaka wewe? Hapana. Ila uongo huu umeutaka mwenyewe."

"Nisamehe."

"Leo sikusamehe." Alifuta macho kwa pindo la kanga. "Jumanne mnaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Mwambie wifi apumzike. Nitakupeleka mie."

Akamsamehe kidogo kidogo, Jumanne kwa Ijumaa. Siku nyingine Twalib alitoka mashineni mkali, hataki kusemeshwa. Munira alikaa kando na gazeti lake mpaka mwenyewe apoe.

Ndipo Twalib akamtuma mjomba wake, Mwinshehe, aende Temeke kuposa.

Baba yake Munira, Mzee Salumu, aliuliza moja kwa moja.

"Kijana wenu anaumwa?"

"Anaumwa, sheikh."

"Atapona?"

"Hilo daktari hakutuahidi."

Mzee akamwita binti yake, aliyekuwa nyuma ya pazia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Siku tano ni mwanaume kama wanaume wengine. Hizo mbili nimeshazizoea."

Mzee Salumu aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa yamelowa.

"Basi harusi mnaitaka lini?"

"Jumapili," Munira alijibu. "Jumatatu apumzike. Jumanne tuna hospitali."