Samaki wa Watiri Wanataka Mchanganyiko

Kila asubuhi, baada ya kukama ng'ombe, Watiri alishuka bondeni na ndoo ya pumba za mahindi. Huko, nje kidogo ya Sagana, alifuga tilapia mia tano katika kidimbwi. Miezi sita ilikuwa imepita, na samaki hao bado hawakujaza kiganja.

Mumewe, Dedan, alichoka kungoja. Alisema mvua zikianza atafukia kidimbwi apande nduma. Watiri hakubishana naye. Aliongeza pumba, ndoo moja ikawa mbili. Samaki hawakukua. Maji ndiyo yaliyobadilika, yakaanza kunuka.

Ndipo akamwita jirani yake Wangui, aliyefanya kazi miaka mingi katika shamba la kuzalisha samaki. Wangui alitazama maji, akauliza samaki wanakula nini. Akaambiwa ni pumba tu.

"Watiri, hawa wanashiba lakini hawajengeki," alisema. "Mwili hujengwa na protini. Protini nayo imeundwa kwa vipande vidogo, vinaitwa asidi amino. Viko vya aina nyingi, na vingine samaki hawezi kujitengenezea. Lazima avipate kwa chakula. Kimoja kikipungua, ukuaji unakwama, hata kama vingine vimejaa."

"Kwa hivyo pumba ni mbaya?"

"Si mbaya. Protini yake ni kidogo, na kipande kinaitwa laisini ni haba sana. Unajua githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja? Maharagwe yana ile laisini mahindi yamekosa. Samaki pia anataka mchanganyiko."

Akamweleza kwamba soya ina laisini nyingi, lakini kipande kingine, methionini, ni kidogo. Dagaa wa omena na mashudu ya alizeti huziba pengo hilo. Akamwonya kuwa soya mbichi humzuia samaki kusaga protini tumboni, kwa hiyo ikaangwe kwanza.

Watiri alimwomba Dedan miezi minne. Dedan akakubali shingo upande.

Watiri alitoa maji machafu, akaingiza safi. Akaenda soko la Kagio kununua soya, mashudu na omena. Soya ya kwanza ilimuungulia yote. Alikaa kidogo, macho yakimwasha kwa moshi, kisha akarudi sokoni kununua nyingine. Alikaanga, akasaga, akachanganya yote na pumba kwa vipimo vya Wangui, akafinyanga vidonge na kuvikausha juani. Alilisha kidogo asubuhi na kidogo alasiri, akisimama hapo hadi samaki wamalize.

Mwezi wa kwanza Dedan hakuona tofauti. Mwezi wa tatu alianza kushuka bondeni peke yake, bila kusema anaenda kutazama nini.

Mwezi wa nne walivuta wavu. Ulikuwa mzito hadi Dedan akaingia majini na viatu. Tilapia wa kwanza alijaza viganja viwili vya Watiri, akampiga mkia kifuani.

Siku hiyo walikula samaki pamoja na Wangui. Dedan alikula mpaka mifupa ikabaki mitupu. Kisha akanawa mikono, akamgeukia mkewe.

"Kesho nionyeshe vile unakaanga soya," akasema. "Nataka kujua hii kazi vizuri."