Dozi ya Mtoto wa Pili

Kila alasiri, akishavua sare na kula, binti yule aliketi kwenye kompyuta katika ofisi ya mama yake, chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mama na kaka mkubwa walitengeneza programu. Kazi ya binti ilikuwa kubonyezabonyeza kila kitufe kama mteja asiyejua kitu, ili makosa yajitokeze mapema.

Si kila kazi ilipitia kwake. Tovuti ya duka la keki iliwekwa hewani siku ileile, ikarekebishwa baadaye. Lakini programu ya zahanati aliyoitengeneza kaka, ya kukokotoa dozi ya dawa kwa uzito wa mtoto, mama alisema haitoki mpaka ijaribiwe na mtu mwingine.

"Mtu mwingine ndiye huyu Breki?" kaka alidakia mbele ya mwenye duka la keki. "Akigusa kazi, inalala! Ya keki ilihitaji mlolongo wote huu?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika mbavu. Moyo ulimchemka binti. "Utanikoma," alijiambia.

Kesho yake, akiijaribu programu ya zahanati, aliandika uzito wa mtoto mmoja. Programu ikatoa dozi. Akaandika wa mtoto wa pili, mdogo zaidi. Dozi ikabaki ileile.

Akatabasamu.

"Vipi, Breki, umeona kitu?"

"Iko sawa kabisa, kaka. Hongera."

Alishinda akiiwazia aibu ya kaka yake: muuguzi wa zahanati anagundua kosa, mama anafoka, kaka anatafuta pa kuficha uso. Raha ilioje!

Muuguzi alipokuja siku iliyofuata, alijaribu mtoto mmoja tu. Ikakubali. Akasimama.

"Naanza nayo leo. Watoto wamejaa foleni."

Binti aliruka kutoka kitini. Kisasi chake kilikuwa kinatoka mlangoni, kinawafuata watoto asiowajua.

"Muuguzi, subiri! Andika uzito wa mtoto wa pili."

Dozi haikubadilika. Kaka alikosa pa kuweka macho, kama binti alivyotamani. Lakini mama alimtazama binti.

"Ulijua?"

"Tangu jana, mama. Nilitaka aumbuke."

Kaka alirekebisha kosa. Binti akajaribu upya, mtoto baada ya mtoto, mpaka muuguzi akaridhika.

Ndipo mama akasema, "Jina la keki likikosewa kwenye tovuti, tunacheka na kulifuta. Mtoto akinywa dozi ya mwenzake, tutafuta nini? Ndiyo maana kila kazi naipangia njia yake. Wewe, kaka mtu, ulitaka zote zipite njia ya keki. Na wewe, mwanangu, kama una hasira na kaka yako, gombaneni hapa hapa. Usimpige kwa mwili wa mtoto wa mwenzio."