Soksi ya Wilf

Mama alitutuma mkate jioni ile, mimi na mdogo wangu Wilf. Mvua ya Oldham, mji wetu kule Uingereza, isiyojua kuchoka, ikatukimbiza hadi kwenye baraza ya sinema. Picha ilikuwa ya kutisha, na watoto hawakuruhusiwa bila mtu mzima. Tukafanya kama watoto wote: tukaomba mtu.

"Mama, tuingize basi. Hatutakusumbua."

Mwanamke wa koti la kijivu alimtazama Wilf. Mimi hakunitazama.

"Mdogo atakaa nami," alinong'ona.

Tuliikuta picha katikati. Enzi zile ilizungushwa mfululizo, ikiisha inaanza tena. Ukishafika pale ulipoikutia, unaondoka. Kwenye picha, mwanamke alikuwa akipanda ngazi peke yake, mkono mmoja kaunyoosha pembeni.

"Mbona hajamshika mtu?" Wilf akauliza.

"Bado," akajibu mwenyeji wetu.

Ukumbi ulinuka sigara na makoti mabichi. Yeye alinuka udongo... udongo uliofukuliwa. Nikaogopa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na picha ilikuwa imenoga. Ikaisha, ikaanza upya.

"Hapa ndipo tulipoikutia," sauti ikanijia sikioni. "Sisi tunakwenda."

Nikageuka. Viti viwili, vitupu.

Nikatazama mbele.

Mwanamke alikuwa akipanda ngazi. Kamshika mtoto mkono. Soksi ya kushoto ya yule mtoto ilikuwa imeshuka hadi kwenye kiatu, kama ya Wilf siku zote.

Nilipiga mayowe mpaka taa zikawashwa.

"We mtoto, uliingia peke yako!" aliapa msichana wa tochi aliyetuonyesha viti.

Polisi walipekua hadi mferejini, wasipate hata kifungo cha nguo. Mama hakuamini neno langu. Kila siku aliniuliza nilimwacha wapi mwanawe, na kila siku niliumia upya.

Juzi televisheni ikaionyesha picha ile. Nilikimbilia kuizima, mama akanishika mkono. Ni mzee sana sasa. Hawezi tena kusimama, na jina langu limemtoka. Kwenye picha mwanamke na mtoto walikuwa wamekaribia mlango wa juu ya ngazi.

"Wilf," mama akaita taratibu, "pandisha soksi, mwanangu."

Mtoto akasimama.

Akainama, akaipandisha.

Ndipo yule mwanamke akageuka. Akatutazama. Akaunyoosha mkono wake wa pili, ule usio na mtu.

Chumba kikanuka udongo.

"Mama, usiende," nikamwomba. "Mama, ni mimi, Enid."

Mama akaanza kuinuka kitini.